Swichi Nyuma ya Mlango

“Muyomba! Ingia, muyomba wangu, karibu! Barabara ya Musumba haikukuua?”

Mama Godelieve alipaza sauti kusudi mtaa mzima usikie, ingawa sauti yake haikuhitaji kuongezwa. Sokoni iliwaita wanunuzi wa samaki wakavu kutoka ng’ambo ya barabara. Beya alishusha kofia hadi kwenye nyusi, akavuka kizingiti haraka. Hakuwa mjomba wa mama huyu, na Musumba, kwao Walunda, hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa Mkasai, mzaliwa wa Kolwezi hii hii, na hadi majuma machache nyuma alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Mlango ulipofungwa, sauti ya mama ikashuka.

“Bamekuona?”

“Fundi wa bilato ameniona,” Beya alisema, akimtaja mshona viatu wa pale nje.

“Amefanya aje?”

“Ameangalia kilato yenye iko mu mukono yake.”

“Muzuri. Aendelee kuiangalia.” Akamvutia kiti. “Muntu akikuuliza kitu mu Kilunda, weye kohoa tu.”

Beya alitaka kucheka. Kukohoa kusingemshinda, kule alikotoka kila mtu alikuwa anakohoa.

Alitoka stesheni. Tangu vijana wapite nyumba kwa nyumba wakiimba kwamba Wakasai ni bilulu, wadudu waliokula nchi ya watu, familia zilizoletwa hapa na migodi tangu enzi za mababu zilikuwa zimelundikana kando ya reli, zikingoja gari moshi la kuzipeleka Kasai. Aliyeijua Kasai ni babu yake Beya. Yeye mwenyewe aliijua kwa hadithi, na sasa aliambiwa arudi. Mtu anarudije mahali ambapo hajawahi kutoka? Swali hilo aliliweka kando, maana mvua haikumpa nafasi ya kuliwaza. Ilinyesha kila alasiri, na mabehewa yaliyosemekana yanakuja yalikuwa yale ya kubebea mawe ya mgodi, yasiyo na paa.

Mkewe Tshiela alikuwa akimfunika binti yao Charlotte kwa vitenge viwili vilivyolowa. Charlotte hakuweza kusimama. Polio ilimkausha miguu angali mchanga, naye alitembea kwa mikono. Nyumbani, juu ya saruji, mikono ilimtosha. Kando ya reli alitembea ndani ya tope, na kila jioni kifua chake kililia kama mlango wenye kutu. Beya alikuwa amepoteza kazi, nyumba na kitanda, na hakuna hata kimoja alichokiomba Mungu amrudishie. Aliomba turubai. Moja tu, ya kumfunika mtoto mpaka wafike huko waendako.

Na turubai lilikuwapo. Nkulu, kaka yake mama Godelieve, mwenye lori, alikuwa nalo. Juzi mwanamke anayeuza mihogo alimwinamia Beya pale stesheni kana kwamba anapokea malipo, akamnong’oneza ujumbe wa mama: masini yenye ulinifungia inakufa na kufufuka yenyewe. Kuya uitengeneze, bâche ya Nkulu itakuwa yako. Usipokuya, mi siwezi kumuzuia Nkulu.

Masini yenyewe ilikaa mezani karibu na dirisha, imefunikwa kitambaa cheupe cha kusukwa, kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ilikuwa kompyuta, ya kwanza katika mtaa ule. Nkulu alivileta vipande vyake kutoka ng’ambo ya mpaka wa Zambia, safari hii sanduku, safari ile kioo, vikiwa vimefichwa kati ya magunia ya unga. Beya alikuwa fundi wa simu za kampuni ya migodi, mpaka simu zikanyamaza na kampuni ikanyamaza pia. Alivipokea vipande hivyo kimoja kimoja, akavipanga, akavifunga. Siku herufi za rangi ya asali zilipotokea kwenye kioo, mama Godelieve alipiga vigelegele. Angefungua ofisi ya kuchapa barua na kadi za arusi, aachane na harufu ya samaki.

“Ilianza kufa siku gani?” Beya aliuliza.

Mama alikuwa akikunja kile kitambaa cheupe. Alikikunja mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

“Siku ile,” alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni siku ipi.

“Bale vijana banatoka na bintu yenu kwa mulango, mi niko mu dirisha ninalia, na masini inazima. Hapo hapo. Inazima, inawaka, inazima. Nkulu anasema uliacha dawa ndani. Bantu banasema Mukasai hatokake bure.”

“Na weye, mama?”

“Mi ninasema niko na masini yenye inakufa.” Alimtazama usoni. “Sijue, Beya. Nitakudanganya juu ya nini? Sijue.”

Neno hilo lilimuuma. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na hilo la dawa, la uchawi, likifika stesheni, likifika kwa wale vijana, halingemrudia yeye peke yake. Lingemkuta Tshiela amekaa juu ya mzigo, na Charlotte ambaye hawezi kukimbia.

Akafungua mfuko wake wa vyombo, akaondoa parafujo za sanduku.

Alianza na mkono wake mwenyewe, maana fundi anayeanza kwa kumshtaki mwingine hafiki mbali. Aling’oa vibao vya kumbukumbu, akavisugua meno kwa kifutio cha shule mpaka yakang’aa, akavirudisha na kuvibonyeza hadi vikalia. Akakandamiza kila kidude kwenye ubao mama kwa kidole gumba. Akavuta kila waya taratibu, kama mtu anayejaribu jino la mtoto, aone kama kuna unaocheza. Hakuna uliocheza. Feni ilizunguka. Akachomeka kipimo chake cha umeme ukutani. Sindano ikasimama pale inapotakiwa kusimama, imetulia kabisa.

Akawasha. Namba zikapanda kwenye kioo, mashine ikihesabu kumbukumbu yake kwa sauti ndogo ya tik-tik-tik, ikapiga mluzi mmoja mfupi, ikaamka. Mama Godelieve akaandika jina lake lote, akalifuta, akaliandika tena. Jua likapanda mpaka juu ya paa. Mashine haikufa.

“Unaona?” alisema mama. “Ikikuona inajifanya muzima. Sawa mutoto mbele ya daktari.”

Beya hakufurahi. Ugonjwa uliojificha ni mbaya kuliko ugonjwa unaolia. Akianza kusema imepona, kesho itakufa, naye hatakuwapo kuitetea. Akaifungua tena na kurudia yote, kutoka parafujo ya kwanza. Katika kurudia huko hofu nyingine ikamwingia. Huenda kweli ni mkono wake. Huenda siku zile za mwisho, nyimbo za vijana zikipita barabarani, alifunga kitu vibaya kwa kutetemeka. Walikuwa wamemnyang’anya kila kitu, akabaki na mikono hii miwili na sifa yake. Sasa na hiyo aliitilia shaka.

Nkulu aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mafuta ya dizeli hadi kwenye viwiko, na aliposimama mlangoni chumba kikawa kidogo.

“Njo huyu muyomba wetu wa Musumba?”

“Nkulu,” alisema dada yake.

“Ninamusalimia tu.” Akavuta kiti, akaketi nyuma ya Beya, karibu kiasi kwamba Beya alisikia pumzi zake. “Jambo, muyomba.”

“Jambo, tata.”

“Nilibeba bile bitu mu camion yangu. Mvua, badouane ba ku mupaka, barabara mubaya, yote. Weye unasema ni masini mupya. Sasa masini mupya inakufa namna gani?”

“Ninatafuta, tata.”

“Tafuta. Mi niko hapa. Ikisimama muzuri mpaka magaribi, bâche utabeba. Ikikufa, nitafikiri vile bengine banafikiri.”

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana Beya alimwogopa zaidi.

Wakakaa. Mama aliandika, akafuta. Nje mawingu yalianza kujikusanya upande wa mgodi wa Mutoshi, na mwanga wa dirishani ukawa wa kijivu. Ndipo Beya aliposikia harufu. Ilipenya ukutani, pale ukuta unapokutana na dari: unga wa mahindi unaoiva, na nyuma yake mboga za lengalenga zilizochemshwa bila mafuta. Mtu upande wa pili alikuwa anasonga bukari, ugali wa huku. Tumbo la Beya likajibu kabla ya akili yake, likaguna kwa sauti, akaona haya.

Kioo kikawa cheusi. Tik-tik-tik, namba zikaanza kupanda kutoka mwanzo. Ule mluzi. Jina la mama Godelieve halikuwapo tena.

“Umeona?” Nkulu alisimama. “Umeona na macho yako?”

Namba hazijafika mwisho, kioo kikazima tena.

“Nkulu, ngoja,” mama alisema.

“Ninangoja nini? Mi mwenyewe nilikuwa sitaki kuamini!”

Beya hakuitazama mashine. Alikuwa ameinua uso kuelekea darini, pua juu, kama mbwa wa mwindaji, na kama hali isingekuwa ile mtu angemcheka.

“Mama,” alisema, “nani eko anapika ku nyumba yangu?”

Tangu asubuhi hakuna aliyeitaja nyumba ile. Ukuta huo tu ndio uliowatenga nayo, na mama Godelieve alikuwa ameketi makusudi mahali pa kumziba Beya asiutazame.

“Kuko mama Kabemba,” alijibu polepole. “Bwana yake ni Banza. Balimufukuza ku kazi, sasa eko anachimba-chimba ku Mutoshi. Beko na batoto.”

“Anapikaka na resho ya umeme?”

“Makala atatoa wapi? Courant ni ya bure, njo anapikia.”

“Ile siku ya yenga, siku ya misa, masini ilifanya aje?”

“Ilikufa mingi. Asubui, mchana, mingi.”

“Banza alikuwa amerudi?”

“Eyo. Siku ya yenga alirudi na unga. Tulimusikia anaimba.”

“Kuko siku haikukufa?”

“Siku mbili nzima. Tukasema imepona, nikapiga magoti nikashukuru Mungu.”

“Zile siku mbili, mama, ulisikia arufu ya chakula ku ule upande?”

Mkono wa mama Godelieve uliokuwa juu ya meza ukasogea taratibu mpaka pajani.

“Hapana,” alisema. “Nilisikia batoto banalia.”

Hapo wote watatu wakawa wanatazama ukuta.

Beya aliwaeleza, naye alieleza kwa kumtazama Nkulu. Miaka ile kebo ya kampuni ilipoungua, na kampuni haikutuma tena mtu, nyumba ya mama Godelieve ilibaki gizani. Mumewe marehemu alikuja kuomba, na Beya akatoboa ukuta, akampitishia umeme kutoka kisanduku cha jikoni mwake. Watu wa nyumba hizi pacha walifanya hivyo wote. Mwenye umeme alimgawia asiye nao, kama chumvi. Basi umeme wa mashine hii ulikuwa unatoka kwake. Siku ile walipong’oa vitu, waling’oa na waya, maana shaba ni shaba. Aliyeingia baadaye ameunga kwa vidole. Jiko la umeme likinywa, kiungo kinapata moto na kuachia. Taa zinafifia kidogo, na taa ikififia Kolwezi nani anashangaa? Lakini kompyuta haivumilii hata kufumba jicho.

“Masini haina ugonjwa,” alimaliza. “Inakufa kila mara ule mama anapata kitu ya kupika.”

Nkulu alikaa tena kitini. Hakusema amekubali. Alisema, “Basi enda ukafunge.”

Angetoa nini asiende! Tangu watoke, alikuwa ameapa hatailenga nyumba ile hata kwa jicho. Lakini mawingu yalikuwa yamefika juu ya mji, na kule kando ya reli Charlotte alikuwa anayatazama mawingu hayo hayo. Akachukua mfuko wake, akatoka nje, akapita ule upenyo mfupi kati ya milango miwili, akasimama mbele ya mlango alioupaka rangi mwenyewe.

“Hodi,” alisema.

Mwanamke aliyefungua alikuwa mwembamba, na mtoto mgongoni, na mwiko mkononi wenye bukari iliyoshika. Kitoto kingine, cha kama umri wa kuanza kusema, kilimshika sketi.

“Miye ni muyomba wa mama Godelieve,” Beya alisema. “Fundi. Waya yenu inasumbua masini yake.”

“Ya hapa pia inasumbua! Mara inatoa moto, ko! ko! juu ya dirisha.” Akamfungulia njia. “Karibu, tata. Fanya mbio, bukari yangu itaharibika.”

Kisanduku cha umeme kilikuwa pale pale, jikoni. Beya alipanda juu ya kigoda. Waya mbili zilisokotwa kwa mkono, hazikukwanguliwa, zimefungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuwa nyeusi. Ukuta juu yake ulikuwa na doa la moshi. Usiku mmoja tu wa upepo, kungeungua nyumba nzima na waliolala ndani.

Na hapo hasira ilimpanda. Ilimpanda waziwazi, hata kigoda kikayumba. Kwa nini afunge? Nyumba iungue! Avute kebo yote, aikate vipande vipande, aende zake. Waimbe basi gizani. Alikuwa ameushika ule waya na mkono ukaanza kuuvuta, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu.

Chini, kile kitoto kilikuwa kinamtazama, kidole mdomoni, kikingoja kula.

Akauachia.

“Ninazima courant yote, mama. Hapa kuko giza, niletee taa ya mafuta.”

“Mafuta haiko. Fungua mulango ya chumba ya nyuma, mwangaza itapitia kidogo mu mbao ya dirisha. Lakini kwanza uwashe mule, uone njia, kuko kitanda mbele ya mulango.”

Beya akashuka, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kulikuwa na giza. Mbao zilikuwa zimepigiliwa dirishani pale kioo kilipovunjwa. Aliwaza waya, aliwaza mvua. Mkono wake ulishuka wenyewe nyuma ya mlango, chini, karibu na goti, ukabonyeza. Taa ikawaka.

Nyuma yake mwiko ulianguka sakafuni.

Aligeuka. Mama Kabemba alikuwa amesimama, mikono mitupu, akiitazama swichi ile, kisha mkono wa Beya, kisha swichi.

“Shiye tulitafuta ile swichi,” alisema kwa sauti ndogo. “Tulipapasa ukuta yote ya juu. Siku mingi tunalala mu giza, mpaka uyu katoto kanacheza chini njo kaliiona.” Akaonyesha mkono wa Beya. “Weye haukutafuta.”

Uongo wa Musumba ulikuwa umebaki nje, barabarani.

“Ni weye?”

“Ni miye, mama.”

“Uliiweka chini vile juu ya nini?”

“Mutoto wangu hasimamake. Alikuwa anaogopa giza. Nikasema awashe yeye mwenyewe.”

Mwanamke alimvuta mtoto wa sketi karibu zaidi.

“Unakuya kutufukuza?”

“Na nini, mama? Na hii pince?” Aliinua koleo lake. Alitaka liwe neno la utani, likatoka kavu.

“Bwana yangu alisema mulihama. Alinikuta ku Mutoshi, akasema, kuko nyumba, benye nyumba balihama.”

“Muntu akihama anabebaka kitanda, mama.”

Wote wawili walikitazama kitanda. Kilikuwa cha mninga, na Beya alikinunua alipomwoa Tshiela. Juu yake kulikuwa na blanketi la watu wengine, limetandikwa vizuri, pembe zote nne zimenyooshwa. Mama Kabemba aliketi ukingoni mwake ghafla, kisha akakumbuka amekalia nini, akasimama tena. Alianza kulia bila sauti. Beya angependelea amtukane. Mtu anayekutukana unamjibu. Huyu utamfanya nini?

“Bukari yako itaharibika,” alimwambia. “Wacha nifunge.”

Alizima umeme wote. Katika mwanga hafifu alizikata zile ncha zilizoungua, akazikwangua kwa kisu mpaka shaba ikatoa wekundu wake wa asili, akazisokota kwa koleo, pole pole, mpaka zikawa kamba moja. Akafunga kwa utepe wa mafundi, alioubakiza chini ya mfuko tangu siku za kampuni, na kuumaliza wote. Alifanya kazi ile kama alivyokuwa akiifanyia nyumba yake. Hakujua namna nyingine ya kuifanya. Alipourudisha umeme, waya wa jiko ukawa mwekundu, ukatulia, na kisanduku hakikulia.

Mama Kabemba alisonga bukari akiwa amempa mgongo. Alipomaliza hakuwapakulia watoto wake kwanza. Alikata bonge, akaliviringa mikononi mpaka likawa laini pande zote, akalifunga ndani ya karatasi ya plastiki pamoja na lengalenga.

“Ya ule mutoto,” alisema.

Beya alikiona chungu kilichobaki. Hakikuwa na kingi. Lakini chakula cha mtu hakikataliwi mlangoni. Anayekikataa anasema kimetiwa kitu. Akakipokea kwa mikono miwili.

“Aksanti, mama.”

“Anaitwa nani?”

“Charlotte.”

Aliliweka kwenye mdomo mara moja, bila sauti, lile jina, kama anayejaribu ufunguo.

Beya alipoingia tena kwa mama Godelieve, jiko la jirani lilikuwa linanguruma, harufu imejaa, na herufi za rangi ya asali zilikuwa zimekaa kwenye kioo. Nkulu aliinama mbele yake, viwiko juu ya magoti. Alikuwa amekaa hivyo tangu umeme uliporudi. Hakugeuka.

“Resho iko inawaka?” aliuliza.

“Iko inawaka, tata.”

“Na ile mama eko anapika?”

“Amepika.”

Nkulu aliendelea kutazama mpaka matone ya kwanza yakagonga bati. Ndipo alipotoka uani, na wakamsikia akifungua kamba za lori, kamba moja baada ya nyingine, akilalamikia mafundo. Alirudi na turubai begani, limekunjwa, zito, lenye harufu ya unga na dizeli, akalipakia mwenyewe kichwani mwa Beya na kumsaidia kulisawazisha.

“Iko na tundu upande moja,” alisema. “Ile upande uweke chini. Usiweke juu, mutoto atalowana.”

“Nimesikia, tata.”

“Mi nilisema mambo mingi.”

“Mvua inakuya, tata. Niende.”

Mama Godelieve aliwahi mlangoni. Alikuwa amejitayarisha kupaza sauti, mtaa usikie. Kifua chake kilijaa pumzi kabisa. “Usalimie bote ku Musumba!” alianza, na pale penye jina la Musumba sauti ile, iliyouza samaki miaka yote hiyo bila kukwama, ikakatika. Akamshika Beya mkono, akaukaza, akauachia.

Fundi viatu alikuwa anakusanya vyombo vyake mvua isimkute. Safari hii alimtazama Beya, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayesalimia kanisani, akaendelea kukusanya.

Beya alikuwa ameapa hatageuka. Alifika kwenye kona, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea relini, akageuka. Mji ulikuwa umefungwa na mawingu kama jioni. Katika dirisha la mama Godelieve ile rangi ya asali ilikuwa imetulia, haipepesi. Pembeni yake, kwenye nyumba aliyoipaka rangi, mwanga wa chumba cha nyuma ulikuwa unatoka katikati ya mbao za dirisha. Ukazima. Ukawaka. Ukazima tena, ukawaka tena, haraka haraka, kwa furaha, kama afanyavyo mtu aliyekwisha kushiba na asiye na kazi nyingine.

Charlotte alifanya hivyo hivyo siku ile swichi ilipowekwa. Beya alimkemea, akamwambia balbu itaungua.

Alisimama mvuani akisikiliza, turubai kichwani, lile bonge la bukari bado lina moto ndani ya shati lake. Kutoka nyumba ile hakusikia mtu akikemea. Taa iliwaka, ikazima, ikawaka, na katika dirisha la pili herufi zilibaki pale pale zilipokuwa.